Wakili wa utetezi (kesi za jinai, Tabora)

Anayeshtakiwa kwa kosa la jinai Tabora ana haki ya kutetewa na wakili chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Hadi 2021 mahakama za mwanzo hazikupokea mawakili. Sasa huwapokea zinapoongozwa na hakimu mkazi. Kesi ya mauaji kwa kawaida husikilizwa Mahakama Kuu, na kwa kuwa adhabu yake ni kifo, asiye na uwezo hupangiwa wakili kwa gharama ya serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imepanua wigo wa msaada huo. Wasaidizi wa kisheria vijijini hushauri. Kumtetea mtu mahakamani si kazi yao.

Anayejilipia ahakiki leseni ya wakili, waandikiane mkataba wa ada, adai risiti. Muhimu kuliko yote ni kuwahi kumpata wakili. Ndugu wengi huchangishana fedha siku kesi inapotajwa, ilhali mshtakiwa alikwishaandikisha polisi, akiwa peke yake, maelezo ya onyo (yanayotolewa baada ya kuonywa kuwa yaweza kutumika kama ushahidi), na yakiwa na ungamo, yaweza kuibeba kesi nzima.