Umesoma vitabu ngapi? Kaye mbili za Darwin na kaye yangu moja

Kila mwezi wa kwanza tunajua namna inakuwaga. Mmoja anasema mwaka huu atasoma vitabu 20, mwingine 30, mwingine anaruka mpaka 52, kitabu kimoja kila juma. Na mimi niliingia mu ile mashindano. Ilikuwa mwaka ule nilimaliza lisansi ya agronomia, kazi haiko, muda uko mingi. Nikanunua kaye, nikachukua rula, nikapiga mistari: namba, jina la kitabu, mwandishi, siku ya kuanza, siku ya kumaliza. Lengo: 40. Mwezi wa kumi na mbili kaye ilionyesha 43, nikapiga picha, nikawatumia marafiki.

Kati ya ile 43 kulikuwa vijitabu vya kurasa 12. Kulikuwa silabusi moja yenye sehemu mbili, nikaihesabu mara mbili. Kulikuwa pia PDF moja juu ya ugonjwa wa migomba ambayo nilifungua mu telefone, nikasoma ufupisho wa mwanzo, nikateremsha kidole haraka haraka mpaka mwisho, nikaandika tarehe kwenye safu ya kumaliza. Namba 31. Ile namba 31 nitairudilia, juu yake njo ilinifanya nitafute namna watu wa zamani walikuwa wanafuata masomo yao.

Mtu ambaye kaye zake za kusoma zinajulikana vizuri sana ni Charles Darwin. Sisi wa sayansi tunakutana naye mu kozi ya baiolojia, mzee wa ndevu, mistari mitatu juu ya evolusio, kiisha tunapita. Kumbe yule mzee, kabla ya kuwa mzee, alikuwa kijana mwenye orodha. Alisafiri na meli Beagle toka mwezi wa 12 mwaka 1831 mpaka mwezi wa 10 mwaka 1836, na mule ndani ya meli kulikuwa maktaba ya vitabu zaidi ya 400, vimepangwa mu kile chumba alikuwa anafanyia kazi. Aliporudi Uingereza, mwaka 1838, alianza kuandika kila kitabu anachosoma. Akaendelea mpaka 1860. Miaka 22, kaye mbili. Leo ziko kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Cambridge.

Kile kilinishangaza ni kwamba ndani ya zile kaye kuna orodha za namna mbili. Moja ni ya vitabu alivyovisoma. Ingine ni ya vitabu vya kusoma, vile anasikia mtu anavitaja, ao anavikuta vimetajwa ndani ya kitabu kingine. Lengo lake, basi, halikuwa namba. Lilikuwa majina. Anasoma mtu anayeandika juu ya kufuga njiwa, yule mtu anataja mwingine aliyeandika juu ya kondoo, basi jina la yule wa kondoo linaingia mu orodha. Ndiyo maana ndani yake unakuta safari za mabahari, falsafa, historia, riwaya, na mambo mingi sana ya shamba: bustani, mbegu, ufugaji, magazeti ya wakulima. Kwa mwana-agronomia ni furaha tupu. Watu wanafikiri evolusio ilitoka kwa visiwa vya Galápagos peke yake. Sehemu kubwa ilitoka kwa kusoma wafugaji na watu wa bustani.

Na pengine aliweka neno kando ya jina: kwamba hiki alikipitia juu juu tu, kile hakina kitu. Hakuona haya. Mimi mu kaye yangu sikuwa na safu ya «nilipitia juu juu». Nilikuwa na safu ya tarehe tu, na tarehe haisemi uongo wala ukweli.

Chukua mfano wa Malthus. Mwisho wa mwezi wa 9 mwaka 1838 Darwin alikuwa anasoma kile kitabu cha Malthus juu ya wingi wa watu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1798. Yeye alisoma chapa ya sita, ya 1826. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alikisoma kwa kujifurahisha tu. Lakini tarehe 28 mwezi wa 9, mu kaye yake ingine, ile ya mawazo, tunamuona ameshika kitu: kama watu wanaongezeka kupita chakula, na mimea na wanyama vilevile wanazaana kupita nafasi iliyoko, basi wengi lazima wafe, na wale wanabaki hawabaki bure. Pale njo mlango wa uteuzi wa asili ulifunguka. Kitabu chake chenyewe kilitoka tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1859, nakala 1.250. Toka kusoma mpaka kutoa ni miaka 21. Mu orodha, Malthus ni mstari mmoja tu kati ya mingine. Kama ungehesabu mistari, Malthus ni sawa na riwaya yoyote.

Kuandika jina haikutosha, na yeye alijua. Mu maisha yake aliyoyaandika mwaka 1876 anaeleza kazi ilikuwa inakwenda namna gani. Kama kitabu ni chake, nyuma yake anaandika kurasa zenye jambo linalogusa kazi yake. Kama ni cha kuazima, anaandika ufupisho kando, na zile fupisho zilijaa droo kubwa. Alikuwa na mafaili makubwa kati ya 30 na 40, kila moja na kichwa chake, mu kabati yenye rafu zilizoandikwa. Akitaka kuanza kazi mpya, anachukua zile index ndogo zote za nyuma ya vitabu, anazikusanya kuwa moja, na tayari yote aliyosoma maisha yake yote juu ya ile kitu iko mbele yake. Sisi tulipoandika memware, nani alikuwa na droo kama ile? Tulikuwa tunaanza upya, tunatafuta ile sentensi «nilisoma fasi fulani», usiku wa mwisho, na mega zinaisha.

Na kitabu hakukiheshimu sana. Mtoto wake Francis anasimulia kwamba kitabu kikiwa kizito mkononi baba yake anakikata mara mbili. Alijisifu hata kwamba Lyell, yule mwanajiolojia mkubwa, alitoa kitabu chake mu sehemu mbili kiisha kuambiwa na Darwin namna alilazimika kukikata. Mimi niliyelelewa na mwalimu wa primeri aliyetuchapa kwa kukunja kona ya kitabu, ile hadithi iliniuma kidogo.

Hii desturi haikuanzia kwake. Mu Ulaya wasomi walikuwa na kaye za kunakili mambo mazuri waliyoyakuta mu vitabu, na mwaka 1686 John Locke alitoa kwa Kifaransa maelezo ya namna ya kuzipanga kwa herufi ili mtu asipotee ndani yake. Babu ya Darwin, Erasmus, alikuwa na kaye ya namna ile. Lakini kuandika orodha kwa miaka 22 bila kuacha, hiyo ni kitu ingine. Ila tusijipige bure tukijilinganisha naye: baba yake alikuwa munganga tajiri, yeye Darwin hakutafuta kazi hata siku moja, na kutoka 1842 aliishi mu nyumba yake ya Down, na bustani, na mke Emma aliyekuwa anamsomea riwaya kwa sauti wakati alipochoka. Sisi tunasomea kwa mwanga wa telefone yenye betri ya 8%.

Sasa sehemu ambayo watu wa jenetiki mtaipenda. Mwaka 1866 Mendel alitoa kazi yake juu ya mbaazi, kule Brünn, mu jarida la chama kidogo cha wana-sayansi. Kuna uvumi unaozunguka tangu zamani, hata mimi niliusikia mu auditwari, kwamba kwa Darwin walikuta andiko la Mendel halijafunguliwa. Si kweli, halikuonekana kwake. Ukweli wenyewe unauma kupita uvumi. Darwin alikuwa na kitabu cha Mjerumani Hoffmann cha 1869 kinachotaja Mendel. Alikisoma, akaweka alama ndani yake, lakini Mendel akampita. Alikuwa pia na kitabu kikubwa cha Focke juu ya mimea ya kuchanganywa, chenye kueleza kazi ya Mendel. Zamani kurasa zilikuwa zinakuja zimeshikana, lazima uzikate na kisu. Mu nakala ya Darwin zile kurasa za mbaazi hazikukatwa. Kitabu kiko kwenye rafu, jibu la swali lake kubwa juu ya urithi liko ndani, na karatasi bado imefungwa. Wakati ule, upande wa pili, Mendel alikuwa na kitabu cha Darwin kwa Kijerumani, na alikiwekea alama kwa mkono wake.

Niliposoma ile nilifikiria namba 31.

Kiisha ile mwaka ya kaye, nilipata kazi ya miezi michache ya kufuata wakulima mu Kabare. Kule mnyauko wa migomba unajulikana kila kilima: majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata inatoa maji ya rangi ya maziwa. Mama mmoja alinipeleka mu shamba lake. Alikuwa na vishina zaidi ya 30 ambavyo kila kimoja kilikuwa na mgomba mmoja ao mbili ya mgonjwa, na ingine yote bado ya kijani. Akaniuliza: «Mwanangu agronomu, nikate ile ya mgonjwa tu, ao ningoe yote?» Nilijibu bila kufikiri, vile nilikuwa nimefundishwa: ng'oa kishina chote, machipukizi yote, zika, ngoja miezi sita. Yule mama alilia kidogo, kiisha alitafuta vijana na majembe. Zile ndizi njo zilikuwa zinalipa minervali ya watoto wake wawili.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa natafuta kitu ingine mu telefone, nikaangukia ile PDF. Safari hii niliisoma. Kurasa ya kati kabisa inaeleza kwamba bakteria haishikagi machipukizi yote ya kishina kimoja, na kwamba mkulima anaweza kukata ule mgomba wa mgonjwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo, mara tu anapouona, na kurudi kila juma kuangalia. Panga lipitishwe kwenye moto. Lile ua jekundu la mwisho wa mkungu livunjwe kwa fimbo ya panda, juu wadudu wanabeba ugonjwa pale. Inaomba uvumilivu, inaomba majirani nao wafanye, na ikiwa ugonjwa umeshaenea sana haisaidii. Lakini kwa shamba kama lile, nusu ya kijani, ndiyo njia ningemwambia ajaribu kwanza. Kaye yangu ilikuwa inasema nilishaimaliza ile karatasi tangu mwezi wa nane wa mwaka uliopita.

Sikuitupa ile kaye. Nilifuta safu ya namba, na fasi ya tarehe ya kumaliza nikaandika: kurasa ya kurudilia, na inagusa nini. Mwaka huu niko na majina 19 kwenye orodha ya kusoma na 7 kwenye ile ingine. Kando ya mbili kati ya zile saba imeandikwa «juu juu». Nimeongeza pia mashairi, kwa sababu ya neno moja la Darwin. Mu uzee alilalamika kwamba alipoteza hamu ya mashairi kabisa, Shakespeare alimchosha mpaka kichefuchefu, na kwamba kama angepewa maisha tena angejiwekea sheria ya kusoma shairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa juma. Ilibaki riwaya tu, na alitaka sheria ikataze zile zinazoisha vibaya.

Kwa yule mama nilirudi. Nilichelewa kurudi, haya ilinishika. Nilimkuta amepanda mihogo mu nusu ya shamba, na pembeni kulikuwa machipukizi machache ya migomba aliyopewa na dada yake. Nikamwambia wazi: mama, ile siku nilikuambia vibaya, na karatasi ya kweli ilikuwa mfukoni mwangu. Alinyamaza. Kiisha akauliza kama karatasi ingali iko. Nikatoa telefone. Akaita majirani wanne, tukakaa nje ya jikoni, mimi nasoma Kifaransa, nageuza kwa Kiswahili, yeye anageuza kwa Mashi, na kila sentensi mmoja wao anasimamisha kazi na swali. Kwa saa mbili tulipita kurasa nne. Zimebaki tisa. Mu kaye yangu bado sijaandika kitu kando ya ile jina, na juma ya kesho kutwa nitapanda tena.