Chumba cha Rubani cha Resini na Ndege za Vita vya Maniema

Aina mbili za ndege zilizoshambulia kutoka angani katika vita vya 1964 na 1965 mashariki mwa Kongo, yaani T-28 na B-26K, zimepata maisha ya pili katika karakana ndogo za Ulaya na Marekani, ambako mafundi huzitengenezea viti, mikanda na ubao wa saa za rubani kwa ukubwa usiozidi kidole gumba. Wakazi wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, walizijua ndege hizo kwa upande wa chini, kwa mngurumo na kwa kile zilichokiangusha. Biashara ya vipuri vya modeli imezihifadhi kwa upande wa ndani, ambao hakuna aliyekuwa ardhini aliyeweza kuuona.

Vipuri hivyo ni vya ziada, maana havitolewi na kiwanda kilichouza modeli yenyewe bali na karakana nyingine inayosahihisha mapungufu ya kiwanda. Mapungufu hayo yana sababu ya kiufundi. Tangu kampuni ya Frog ya Uingereza ilipotoa ndege za plastiki za kuunganisha mwaka 1936, kwa kipimo cha 1 kwa 72, modeli za viwandani zimetegemea kalibu za chuma, ambazo ni ghali na ngumu, na ambazo sharti zifunguke bila kukivunja kilichomo ndani. Kwa hiyo umbo lolote lenye kona iliyojificha, kama mkunjo wa mkanda juu ya kiti au waya unaopita nyuma ya kishikio, liliachwa. Kwa miaka mingi mnunuzi alipata kiti kitupu na ubao bapa, na mara nyingine kichwa cha rubani kilichobandikwa juu ya ubapa huohuo.

Resini inayotumiwa na karakana hizi si utomvu wa mti kama sandarusi, iliyochimbwa pwani na kupitia Unguja karne ya 19 kwenda kutengenezwa vanishi huko Marekani. Ni poliurethani, kemikali mbili za maji zinazogandamana dakika chache baada ya kuchanganywa. Fundi huchonga kwanza kielelezo mama kwa mkono, hukizamisha katika mpira wa silikoni, na mpira ukishaganda hukitoa na kubaki na kalibu laini inayopinda, ambayo huachia hata kona zilizojificha. Resini humiminwa ndani yake, huku mapovu ya hewa yakiondolewa kwa pampu au kubanwa kwa shinikizo, kwani povu moja likikaa mahali pa saa ya mwinuko huacha shimo lisilozibika. Kalibu ya silikoni huchakaa baada ya kusubu makumi machache ya vipande, na hii ndiyo sababu biashara ilibaki mikononi mwa karakana ndogo. François Verlinden wa Ubelgiji alikuwa miongoni mwa walioieneza. Baadaye Wacheki waliichukua kwa nguvu, kupitia Aires, CMK na Eduard, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1989.

Vita vyenyewe vilianza kwa kasi. Waasi wa Simba, walioamini kwamba dawa iliyoitwa Mai Mulele iligeuza risasi kuwa maji, waliingia Kindu Julai 1964 na Stanleyville tarehe 5 Agosti, na Maniema ya kusini ikawa ndani ya eneo la uasi. Serikali ya Léopoldville haikuwa na marubani wa kutosha, hivyo shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilileta T-28 na kisha B-26K, likiwaajiri marubani Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, huku matengenezo yakishughulikiwa na kampuni iliyoitwa WIGMO, iliyoandikishwa Liechtenstein. Ndege hizo zilitangulia mbele ya msafara wa wanajeshi na mamluki ulioiteka tena Kindu tarehe 5 Novemba 1964. Mwaka uliofuata, uasi ukiwa umebanwa katika milima ya Fizi na upande wa Kabambare, Ernesto Che Guevara alifika na Wakuba wake mwezi Aprili na kuondoka Novemba, na kwa miezi hiyo Wakuba walipigana na Wakuba, wengine juu na wengine chini, katika nchi isiyokuwa ya yeyote kati yao.

Kwa mwunda modeli, tofauti ya ndege hizi iko chumbani. T-28 ilikuwa ndege ya mafunzo yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, chini ya kifuniko kirefu cha vioo kinachoanika kila kitu, na ndiyo maana kipuri cha resini hulipa gharama yake hapo kuliko katika ndege yenye dirisha dogo. B-26K ni kesi ngumu zaidi. Kampuni ya On Mark ya California ilichukua ndege 40 za zamani aina ya Invader, ikazijenga upya mabawa, injini na chumba cha rubani, na kuweka usukani wa pili upande wa kulia; kwa hiyo anayeweka ndani yake chumba kilichosubiwa kwa ajili ya Invader ya 1944 amekosea, hata kama kimepakwa rangi vizuri namna gani. Katika kipimo cha 1 kwa 48, saa ya kawaida ya ubao, yenye upana wa takriban milimita 79, hubaki chini ya milimita 2, na bado mshale wake huonekana.

Kazi ya kukiingiza kipuri ni ya subira. Kizibo cha resini kilichobaki mahali pa kumiminia hukatwa kwa msumeno mwembamba, kwa barakoa na maji, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Kuta za ndani za kiwiliwili cha plastiki hupunguzwa kwa msasa mpaka zinapitisha mwanga. Na gundi ya kawaida ya modeli, ambayo huunganisha kwa kuyeyusha plastiki, haiishiki resini, hivyo hutumiwa supagluu.

Siku hizi printa za 3D zinainyang'anya silikoni kazi yake, na kampuni za Kyiv, Roden kwa T-28 na ICM kwa B-26K, zimetoa modeli mpya za kipimo cha 1 kwa 48 zenye vyumba vilivyo bora kuliko vya zamani. Roketi, mabomu na bunduki za chini ya mabawa, yaani sehemu ambazo Kabambare ilizifahamu, pia husubiwa kwa resini, lakini huuzwa katika pakiti yake mbali na chumba cha rubani, na mnunuzi anaweza kuchukua kimoja bila kingine.