Barua ya Mwajiri

Mwaka jana, Jumanne moja saa nne asubuhi, nilisimama mbele ya meza ya mkuu wangu wa shule nikiomba ruhusa ya siku mbili. Nilitaka kwenda Nyaraka za Taifa, pale Upanga. Mkuu alisoma barua yangu mara mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Mwalimu, hii masta ya historia itakusaidia nini? Historia si unaifundisha tayari?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nina miaka 43, nafundisha sekondari huku Mbagala, nina watoto watatu na madaftari ya vidato viwili ya kusahihisha. Shahada ya uzamili naisoma jioni na Jumamosi. Wengi hudhani shida ya mwanafunzi mwenye ajira ni usingizi. Usingizi unazoeleka. Shida ya anayesoma historia ni kwamba nyaraka hufunguliwa saa za kazi. Muda ule ambao jalada la mwaka 1975 linaweza kuletwa mezani kwako ndio muda ule ule Kidato cha Tatu B wanakusubiri na chaki yako. Maktaba utaiwahi jioni, vitabu utaazima, makala utasoma kwenye simu ndani ya daladala. Jalada halikufuati nyumbani.

Kilichonichekesha siku ile, ingawa sikuthubutu kucheka, ni kwamba tasnifu yangu yenyewe inahusu barua za waajiri. Nilikuwa naomba barua ili nikasome habari za watu walioomba barua.

Ukimtajia Mtanzania wa rika langu Azimio la Musoma, atakuambia ni habari ya shule za msingi. Ni kweli. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi darasani. Ndiyo tukapata walimu wa UPE, ambao baadhi walitufundisha sisi. Ila azimio lile lilikuwa na upande wa pili, na huo ndio umenikosesha usingizi kwa miaka miwili sasa. Liliamua kwamba mtu akimaliza Kidato cha Sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka isiyopungua miwili, na akitaka kusoma alete sifa kutoka kazini na kwenye chama. Yaani wenzake, mwajiri na tawi la TANU waseme: huyu anafaa.

Jambo hili halikuzuka tu. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda JKT kwa masharti yale. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilianza mwaka 1961 kwa fani ya sheria tu, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi maskini ilikuwa inamlipia kijana kila kitu, naye kijana anaonekana kudai zaidi. Mwaka uliofuata likaja andiko la Elimu ya Kujitegemea. Ukizisoma hizo karatasi kwa kufuatana, Musoma haikushangazi tena. Mwalimu mwenyewe alifundisha Tabora kwanza, ndipo akaenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa mtu mzima wa miaka 27. Sisemi njia yake ndiyo iliyozaa azimio. Nasema tu kwamba kwake yeye, mtu kufanya kazi kabla ya digrii halikuwa jambo la ajabu.

Na wazo lenyewe, nikisema ukweli, nalipenda. Mimi nasoma vizuri zaidi sasa kuliko nilivyosoma nikiwa na miaka 22. Zamani nikiona neno "mwajiri" kwenye kitabu, lilikuwa neno. Sasa najua harufu ya ofisi yake. Najua mtu anavyopanga maneno njiani kabla ya kugonga mlango.

Haya, tuje kwa Mama Mkubwa.

Dada yake mama yangu alimaliza Kidato cha Sita mwaka huo huo wa 1974. Alikuwa anataka kusoma fasihi. Azimio likamkuta mlangoni. Akaenda JKT, akarudi, akaajiriwa karani kwenye kiwanda kimoja cha nguo. Mwaka 1977, akiwa na mtoto wa miezi minane, alimwandikia meneja kuomba barua ya sifa. Nakala ya barua ile ya mashine, ile ya karatasi ya kaboni, ameitunza mpaka leo kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Nimeisoma mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa tasnifu yangu. Ni mistari saba. Ina "naomba" tatu na "kwa heshima" mbili. Barua ya majibu haimo sandukuni.

Hapo ndipo nilipoanzia, nikiwa na hasira. Rasimu ya kwanza niliyompelekea msimamizi wangu ilikuwa mashtaka. Aliirudisha na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Huyu ni mama yako mkubwa au ni chanzo?" Nilichukia wiki nzima. Kisha nikaelewa. Mwanamke mmoja na nakala moja ya kaboni havitoshi kuisemea nchi. Nikaanza kutafuta wengine: Jumapili baada ya ibada, misibani, kwenye vikoba. Nimepata kumi na moja, wote waliomaliza Kidato cha Sita miaka ya katikati ya sabini.

Na kumbe jambo lenyewe wakubwa waliliona mapema. Idadi ya wanawake waliokuwa wakiingia chuo kikuu ilishuka sana baada ya azimio, kiasi kwamba mwaka 1976 wanawake waliruhusiwa kwenda moja kwa moja bila ile miaka ya kazi. Hesabu yake ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kuishi katika ukoo wa Kitanzania. Mwambie binti wa miaka 20 asubiri miaka mitatu, halafu angalia shangazi zake watafanya nini na hiyo miaka mitatu. Nafuu ilipotoka, Mama Mkubwa alikuwa keshaolewa, keshaajiriwa, mimba ya kwanza inakaribia. Ilikuwa nafuu ya wadogo zake.

Lakini wale kumi na moja hawakuniimbia wimbo mmoja. Mmoja alifanya kazi benki miaka mitatu, akapata barua yake, akaingia chuo akiwa na akiba yake mwenyewe na sauti yake mwenyewe. Nilipomuuliza kama azimio lilimwonea, alinikata: "Lilinikomaza. Sisi tulikuwa hatumwogopi mhadhiri. Akisema uchumi, tunamuuliza uchumi wa wapi." Mwingine aliniambia barua yake iliandikwa baada ya siku mbili tu, kwa sababu bosi alikuwa anataka kumwondoa ofisini! Nikaona kwamba sharti lile lile moja lilikuwa na maana kumi na moja, ikitegemea nani kakaa upande wa pili wa meza. Sera iliandikwa Musoma, lakini ilitekelezwa na meneja mwenye kalamu mfukoni. Hiyo sasa ndiyo hoja ya tasnifu, na nisingeifikia kama ningebaki na hasira yangu ya mwanzo.

Miaka ilivyokwenda, sharti la kazi lililegezwa, hatimaye likaondoka. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, nacho kikaanza kufundisha mwaka 1994. Hapo mambo yakageuka: mfanyakazi haambiwi tena asubiri kusoma, anaambiwa asome bila kuacha kazi. Ni hatua kubwa, nami ni mmoja wa wanaofaidi mlango huo wa kusoma nikiwa kazini. Ila meza ipo pale pale. Ada ninalipa mwenyewe, mtihani nafanya mwenyewe, lakini siku mbili za kwenda Upanga zinatoka kwenye kalamu ya mtu mwingine.

Mkuu wangu alisaini, kwa taarifa yako. Aliguna, akasaini, akaongeza kwa mkono: "Vipindi vifidiwe." Nilivifidia Jumamosi mbili, na Kidato cha Tatu B walinichukia kwa haki kabisa.

Mwezi uliopita nilimpelekea Mama Mkubwa sura ya tatu, ile yenye habari zake. Ana miaka 71. Alivaa miwani, akaomba kalamu kama vile anasahihisha mtihani, akasoma kurasa zote 26 bila kuinuka, chai ikapoa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka najifanya nachambua mchele.

Alipofika ukurasa wa 19 akasimama.

"Hapa umeandika nilinyimwa barua."

"Ndiyo, Mama."

"Sikunyimwa. Angeninyima ningeondoka, ningetafuta kazi kwingine na barua kwingine. Aliniambia nisubiri. Kila nikienda, subiri. Nikasubiri." Akapigia mstari neno langu. "Andika hivyo."

Nimeandika hivyo. Nililazimika pia kurudi kwenye maelezo ya wale wengine na kuyasoma upya yote, nikitafuta nani alikataliwa na nani aliambiwa asubiri. Wanne nilikuwa nimewaweka kwenye fungu lisilo lao. Kazi hiyo imenila likizo yote ya Juni, na utetezi umesogezwa mbele mpaka Novemba. Itabidi niombe ruhusa nyingine. Barua nimeshaiandika, ina mistari saba.