Mkanda Mweusi Una Tarehe Yake

Kila msimu wa mitihani ukikaribia hunijia kijana mwenye mkanda wa kahawia, kupimwa kiuno, na kabla sijamaliza kupima ananipa hadithi ileile. Eti zamani huko Japani mwanafunzi alianza na mkanda mweupe, akafanya mazoezi miaka na miaka bila kuufua, jasho na vumbi vikaugeuza wa kahawia, mwisho ukawa mweusi. Hadithi tamu. Ila mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nashona gi, yaani vazi la karate, na mikanda, na karate ya mtindo wa Shotokan nimeianza tangu sijajua kutia uzi kwenye bobini. Pamba nyeupe isiyofuliwa haigeuki nyeusi. Inaanza manjano pale penye fundo, inafuata rangi ya chai ya rangi, kisha inaota ukungu na kunuka kikwapa. Kwa joto hili la Tanga haichukui hata miezi mitatu.

Mkanda mweusi haukutokana na uchafu, una tarehe yake. Kano Jigoro alianzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo. Mwaka uliofuata aliwapa wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, dan ya kwanza, ile tunayoiita shodan, wala hapakuwa na kitu cha kuvaa kuonyesha cheo hicho. Ilipofika kama 1886 ndipo wenye dan walipoanza kujifunga mshipi mweusi, nao ulikuwa mshipi wa kimono tu. Huu mkanda mnene wa leo ulikuja baadaye, vazi la judo lilipopata umbo lake. Na ngazi yenyewe ya dan Kano aliiazima kwenye go, mchezo wa kete wa Wajapani, ambao mabingwa wake walikuwa wakipangwa kwa dan tangu karne ya 17. Ni kama sisi tungechukua vyeo vya mafundi wa bao tukawapa mabondia.

Karate haikuwamo katika habari hiyo. Ilikuwa Okinawa, na Okinawa hapakuwa na mkanda wala mtihani. Funakoshi Gichin, mzaliwa wa Shuri mwaka 1868, ameeleza mwenyewe alivyokuwa akienda usiku, taa mkononi, nyumbani kwa mwalimu wake Asato Anko, afanye kata moja, yaani mfululizo wa kinga na mapigo uliopangwa, uani huku mzee ameketi akitazama. Akimaliza anaambiwa arudie. Kesho usiku, ileile. Kata tatu za Tekki zilimchukua miaka kumi. Nikiwasimulia vijana wangu, wanaguna. Tekki ya kwanza sisi tunaifanyia mtihani wa kuingia kwenye kahawia, na mtu akishapasi haitazami tena mpaka aikute mezani kwa watahini.

Aliyeanza kuitoa karate uani ni mwalimu mwingine wa Funakoshi, Itosu Anko. Mwaka 1901 aliiingiza katika shule ya msingi ya Shuri. Darasa la watoto haliendeshwi kama uga wa mzee mmoja na kijana mmoja: lazima wapangwe mistari, wahesabiwe moja mbili, wapewe kitu kifupi cha kukariri. Itosu akatunga kata tano za Pinan, ambazo baadaye Funakoshi aliziita Heian. Kwa maoni yangu mtihani ulizaliwa hapo, kabla ya mkanda. Ukishakuwa na somo la kwanza mpaka la tano, atatokea tu mtu wa kuuliza nani amefika la ngapi.

Mkanda ulifuata Tokyo. Funakoshi alikwenda huko mwaka 1922 kuonyesha karate, Kano akamwalika Kodokan, shule yake ya judo, na Funakoshi hakurudi tena kuishi kwao. Aprili 1924 akatoa dan za kwanza za karate kwa wanafunzi wachache, mmoja wao Ohtsuka Hironori, ambaye baadaye alianzisha Wado-ryu. Dan ile, mkanda ule, hata gi yenyewe, vyote vilifuata mfano wa judo. Gi ya karate ni ya judo iliyopunguzwa uzito. Hapo hujiuliza: Funakoshi mwenyewe alitahiniwa na nani? Okinawa alikotoka hapakuwa na mtu mwenye dan wa kumpa.

Wanafunzi wake wa Tokyo wengi walikuwa wa vyuo vikuu, na klabu ya chuo ina kalenda. Mtu anaingia, miaka michache anahitimu, anataka aondoke na kitu. Naamini ile miaka mitatu minne tunayoihesabu leo hadi shodan ilitoka kwenye kalenda hiyo. Kupigana kwenyewe kulishika kasi huko vyuoni, na mzee Funakoshi hakukupenda. Leo hupati mkanda bila kumite, yaani huko kupigana.

Wapo waliosita. Miyagi Chojun, mwasisi wa Goju-ryu, alipokea cheo cha kyoshi kutoka Butokukai, chama cha sanaa za kijeshi cha Japani, mwaka 1937, lakini hadi anafariki 1953 hakumpa mwanafunzi wake dan hata moja. Wakati huo wanajeshi wa Kimarekani walikuwa wamejaa Okinawa, wengine zamu yao mwaka mmoja au zaidi kidogo, na wengi walirudi kwao na mikanda myeusi. Sina haja ya kusema zaidi. Rangi za katikati, njano, kijani na wenzake, zilienea kutoka klabu za judo za Ulaya, London na Paris. Mimi zinanilisha, sizilalamikii.

Mkanda wenyewe ninavyoushona: marekani iliyokunjwa tabaka kadhaa ndani, juu drili nyeusi, upana sentimita nne, halafu mishono minane kwenda urefu wote, sambamba, mita mbili na themanini kwa mtu wa kiuno cha kawaida. Sindano nyembamba inavunjika kwenye tabaka la tatu. Wengi wanataka satini kwa sababu inang'aa na ikichanika mapema weupe wa ndani unaonekana, mtu akadhaniwa mkongwe. Nawashonea, hela ni hela, lakini kwangu mkongwe wa satini ni wa miezi minane.

Jina silitarizi kabla ya matokeo. Kijana wa juzi alinibembeleza, mtihani wake Jumamosi, nikamwuliza atafanya kata gani. Bassai-dai, akasema. Nikasukuma meza ya kukatia ukutani, nikamwambia aanze. Alipofika kwenye kinga za mwanzo mguu wa nyuma ulikuwa umeinuka kisigino. Nikamwambia arudie. Akarudia, kisigino juu. Mkanda nimeutundika ukutani na karatasi ya vipimo vyake, na kesho jioni anakuja tena.