Maison Shalom na Mayatima wa Vita vya Burundi

Mnamo Julai 1996, zaidi ya watu 300 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bugendana, mkoani Gitega. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, viliacha mayatima nchini kote. Mkoani Ruyigi, mashariki mwa Gitega, Marguerite Barankitse alikuwa amekwisha kuanzisha Maison Shalom, akiwalea pamoja watoto wa Kihutu na wa Kitutsi. Shirika liliwatafutia jamaa zao na kuwarudisha wengi kwenye vilima vya wazazi wao. Mwaka 2015 Barankitse alikimbilia Rwanda, akaendelea kuwahudumia wakimbizi huko. Majengo aliyaacha Ruyigi. Lakini mtoto aliyekwisha kurudishwa kwa jamaa zake hahitaji tena mlango wa shirika ubaki wazi.