Miaka 38 ya kungoja sheria ya faragha

Mwezi wa Septemba una kumbukumbu mbili kwa yeyote anayeandika mtandaoni Tanzania. Tarehe 8 Septemba 2005, Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alifungua blogu yake akiwa kazini Helsinki, Finland, akielekezwa na Ndesanjo Macha, ambaye alikwisha kutangulia na blogu ya Kiswahili iitwayo Jikomboe. Miaka kumi baadaye, tarehe 1 Septemba 2015, Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika. Ya kwanza inasherehekewa na ya pili inalalamikiwa. Katikati ya hizo mbili wamesahauliwa watu ambao maisha yao ya ndani yalianikwa hadharani, nao hawakuwa na mahali pa kushitaki.

Faragha yenyewe haikuwa ngeni katika sheria zetu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984, yaliyoingiza haki za binadamu, yalileta Ibara ya 16: kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Ni maneno mazito, na yaliandikwa kabla nchi haijajua intaneti ni kitu gani. Lakini haki bila njia ya kuidai humfaa nani? Sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki hizo iliweka utaratibu wa kwenda Mahakama Kuu, na shauri kama hilo lisikilizwe na majaji watatu. Mkulima wa tangawizi wa huku kwetu Myamba angeteremka mlima hadi Same, kisha asafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Moshi, atafute wakili, amlipe, ndipo aanze kueleza kwamba jirani kamuanika.

Iliyobaki ilikuwa kesi ya kashfa. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilikuwa na sehemu nzima ya kashfa, nayo iliwasaidia walioandikwa uongo. Ila kashfa ina mlango mmoja mpana wa kutokea: ukithibitisha kwamba ulichoandika ni kweli, mara nyingi umepona. Sasa fikiria mwanamke aliyeandikwa ugonjwa wake, au ndoa yake ilivyovunjika, au picha aliyopigwa chumbani, na yote ni kweli. Ukweli huo ndio unaomuumiza, na ndio huo huo unaomkinga aliyeutangaza.

Magazeti ya udaku yalistawi katika pengo hilo miaka ya 1990. Juni 1998 serikali iliyafungia Kasheshe, Chombeza na Arusha Leo, hoja ikiwa ni kulinda maadili ya jamii. Jamii ndiyo iliyotajwa kuwa imekosewa. Aliyeandikwa hakutajwa, wala kufungiwa kwa gazeti hakukumletea senti ya fidia.

Kisha ikaja Ze Utamu, na hapa ndipo historia yetu ilipojionyesha ilivyo. Ilikuwa blogu ya siri. Mwenyewe hakujulikana kwa jina wala sura, na ilipata wasomaji wengi kwa biashara moja tu: maisha ya watu. Nani katoka na nani, nani kaachwa, na picha ambazo wenyewe hawakukusudia zionwe na mtu wa tatu. Simu za wengi wakati ule zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe tu, kwa hiyo watu walikwenda intaneti kafe wakakodi kompyuta kwa dakika, wakasogeza viti wawili watatu mbele ya kioo kimoja. Habari ilifika vijijini ikiwa imesimuliwa tayari, na kila msimulizi kaongeza chake. Msichana aliyeanikwa hakuona hata maandishi yenyewe. Alichoona ni watu kunyamaza akipita.

Hali hiyo iliendelea, na hakuna aliyeonekana kushituka. Mwaka 2009 blogu hiyo ikaweka picha ya Rais Jakaya Kikwete iliyotengenezwa kwa kompyuta ili kumdhalilisha. Ghafla mambo yakawa mengine. Polisi wakatangaza kumsaka mwenye blogu, na Ze Utamu ikafungwa.

Rais hakustahili kufanyiwa vile, kama ambavyo hakustahili mtu mwingine yeyote. Ninachokipinga ni mpangilio wa haraka yetu. Vyombo vya dola vilithibitisha kwamba mwandishi aliyejificha anaweza kutafutwa na ukurasa wake ukafungwa. Uwezo ulikuwapo wakati wanawake wale wasio na cheo wanaanikwa. Hawakutafutiwa mtu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilizaliwa ikiwa na kumbukumbu hiyo. Nimeisoma kifungu kwa kifungu, na uzito wake unaonekana ulipo. Kifungu cha 16 kinamwadhibu anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo au za kupotosha, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Aliyesambaza siri ya kweli haguswi hapo. Kinachoweza kumfikia ni kifungu cha 14, cha picha za ngono, au cha 23, cha kumsumbua na kumtesa mtu kwa mawasiliano ya kompyuta. Vyote ni vya jinai. Ndiyo kusema mwenye maumivu anakuwa shahidi wa Jamhuri, na faini ikilipwa inaingia serikalini.

Machi 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na ubishi wote ukahamia kwenye ada: mwenye blogu alitakiwa kutoa shilingi milioni 2.1 ili apate kuandika mwaka wa kwanza. Waandishi na watetezi wa haki wakaenda Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda Mei mwaka huo, halafu wakashindwa. Walikuwa na haki ya kupigana. Wakati huo huo Aprili 2018 Waziri Harrison Mwakyembe aliliarifu Bunge kwamba mwanamuziki Diamond Platnumz alikamatwa na kuhojiwa kwa video aliyoiweka mwenyewe. Msanii wa kike ambaye video yake ya faragha ilivuja siku zile alihojiwa pia. Jina lake sitaliandika; limeandikwa vya kutosha. Aliyevujiwa aliomba radhi mbele ya umma, na kanuni mpya zikahesabiwa kuwa zimefanya kazi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tangu Ibara ya 16 iandikwe hadi sheria hiyo kupitishwa ni miaka 38. Kwa mara ya kwanza tuna sheria inayoanza na mwenye taarifa: anaweza kulalamika, na anaweza kudai fidia. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tarehe 3 Aprili 2024.

Huku milimani jina la Tume hiyo bado ni geni. Picha ya mtu ikivujishwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, jambo hilo linakwenda kwa mwenyekiti, au kwa wazee wa kanisa, au linapelekwa polisi Same, na huko kinachofunguliwa ni jalada la makosa ya mtandao. Tume inapaswa kuweka maofisa wake kwenye halmashauri za wilaya, na fomu ya malalamiko ifike ofisi ya kata, iwe ya Kiswahili chepesi, ijazwe bure. Mabango ya kuonya watu kuhusu kutuma fedha kwa matapeli yamefika hadi vijijini, kwa hiyo hili nalo linawezekana.