Uzuri wa Mkakasi: Pambo na Maana katika Vitabu na Sinema

Wazee wetu walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mithali hii hutajwa aghalabu kwa mtu mwenye sura njema na tabia mbaya, lakini yafaa pia kwa kazi za sanaa. Kila msomaji amepata kufungua kitabu kilichosifiwa sana, akavutwa na ufasaha wa kurasa za kwanza, kisha akakifunga na moyo mtupu, kama mtu aliyealikwa karamuni akaonyeshwa sahani tu. Kila mpenda sinema amepata kutoka gizani akiwa na rangi tele machoni, asiwe na neno la kumsimulia aliyebaki nyumbani. Katika hali hiyo sisi hutoa hukumu upesi: twasema fani imezidi na maudhui yamepungua. Hukumu hiyo ni nyepesi, na kwa mwanafunzi wa fasihi ina hatari, maana humfundisha kulishuku pambo lenyewe, kana kwamba uzuri ni mwizi aliyeingia nyumbani kuiba maana. Historia ya kitabu kimoja na ya picha moja ya sinema itatuonyesha kuwa wingi wa pambo si kosa. Kosa huwa katika mpango wa kazi, pale pambo linapotangulia, na maana ikaitwa baadaye kuja kukaa mahali ambapo haikuandaliwa.

Kitabu ni cha Uingereza, cha enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwaka 1578 kijana mmoja aliyesoma Oxford, jina lake John Lyly, alitoa hadithi iitwayo Euphues: The Anatomy of Wit. Mambo yaliyomo yaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Euphues, kijana wa Athens mwenye akili nyingi na busara chache, anakwenda Naples, anafanya urafiki na Philautus, kisha anamnyang'anya rafiki yake mpenzi wake Lucilla. Lucilla naye anawaacha wote wawili kwa ajili ya mwanamume wa tatu. Marafiki wanapatana, na Euphues anarudi kwao kuandika barua za mawaidha.

Lakini watu hawakukinunua kitabu kwa ajili ya kisa; walikinunua kwa ajili ya lugha. Lyly alipanga sentensi zake kama mwashi apangaye mawe: kila kifungu kilipewa mwenzake wa urefu ule ule, kila neno likawekewa kinyume chake mkabala, na maneno hayo mawili yakaanza kwa sauti moja ili sikio liyaunganishe. Tena hakupita jambo bila kulitafutia mfano, na mfano mmoja haukumtosha. Alileta mitatu au minne mfululizo, ya mawe, ya majani na ya wanyama, ambao tabia zao za ajabu alizitoa katika vitabu vya kale na si katika kutazama. Mtu mwenye huzuni katika hadithi hii hawezi kusema ana huzuni mpaka awe amekwisha pita bustanini na mwituni kuiokotea mifano huzuni yake.

Kitabu kilipendwa mno. Cha pili, Euphues and His England, kilifuata mwaka 1580, na vyote viwili vikapigwa chapa tena na tena kwa miaka zaidi ya hamsini. Edward Blount, mchapishaji aliyekusanya michezo ya Lyly mwaka 1632, alieleza kuwa palikuwa na wakati ambapo bibi wa baraza la malkia asiyejua kusema kwa mtindo huo hakuhesabiwa kitu. Kiingereza kikapata na neno jipya kutokana na jina la kitabu, lenye maana ya usemi uliopambwa kupita kiasi.

Mtindo hupanda kama maji, na hupwa kama maji. Sir Philip Sidney, katika utetezi wake wa ushairi uliopigwa chapa mwaka 1595, alilalamika juu ya waandishi wanaopekua vitabu vya majani na vya wanyama ili kurundika mifano. Kisha Shakespeare, katika sehemu ya kwanza ya mchezo wa Mfalme Henry wa Nne, uliopigwa chapa mwaka 1598, alimfanya mlevi mnene Falstaff ajitie ufalme kwa mzaha, na akampa maneno yaliyopangwa vile vile kwa mizani na mifano ya majani, ili watazamaji wacheke. Lyly mwenyewe alingoja miaka mingi apewe kazi kubwa katika baraza, akamwandikia malkia barua za kuomba, asipate. Alikufa mwaka 1606, mtindo wake ukiwa umekwisha kuwa kichekesho.

Atakayekisoma Euphues leo ataelewa upesi kwa nini kinachosha, lakini yampasa kutazama vizuri sababu yake. Hachoshwi na uzuri wa sentensi. Ukitoa moja na kuisoma peke yake, hupendeza. Anachoshwa kwa kuwa watu wote katika kitabu husema kwa namna moja. Mzee anayeonya, kijana anayetamani, rafiki aliyesalitiwa na mwanamke anayetafuta kisingizio cha kuvunja ahadi, wote hupima maneno kwa mizani ile ile. Lucilla anapojiuliza kama amwache Philautus, roho yake haisikiki ikitikisika; husikika hesabu ikifanywa. Lyly alikuwa amekata vazi kabla hajajua nani atalivaa, na kwa hiyo akawavika wote vazi moja.

Na dalili kwamba vazi lenyewe halikuwa baya ni hii. Baadaye Lyly alitunga michezo ya kuigiza, mmojawapo Campaspe, uliopigwa chapa mwaka 1584. Humo mizani yake iligawanywa kati ya watu wawili wanaojibizana jukwaani, mmoja akitoa neno na mwingine akirudisha kinyume chake. Kilichokuwa mzigo katika hadithi kikawa uhai katika mazungumzo. Shakespeare aliyemcheka ndiye pia aliyejifunza kwake, na watu wanaoshindana kwa ulimi katika michezo yake ya furaha ni wajukuu wa Lyly. Pambo lile lile, lilipopewa kazi, liliacha kuwa pambo tupu.

Tuje sasa kwenye karne ya ishirini na kwenye sanaa ambayo Lyly hakuiota. Kampuni ya Marekani ya 20th Century Fox ilikusudia kutengeneza picha ya Cleopatra, malkia wa Misri. Kazi ya kuipiga ilianza Septemba 1960 katika viwanja vya Pinewood, karibu na London, ambako mji wa Alexandria ulijengwa chini ya mawingu na mvua ya Uingereza. Mwongozaji wa kwanza, Rouben Mamoulian, alijiuzulu Januari 1961. Machi ya mwaka huo mwigizaji mkuu, Elizabeth Taylor, akaugua homa ya mapafu hata akakaribia kufa. Majengo ya Pinewood yakaachwa, na vipande vilivyopigwa huko havikutumika. Mwongozaji mpya, Joseph L. Mankiewicz, alianza upya Septemba 1961 huko Roma, katika viwanja vya Cinecittà.

Mankiewicz hakuwa mtu wa pambo. Alikuwa mwandishi stadi, aliyekwisha pata tuzo za Academy kwa uandishi na kwa uongozi pia, na alitaka kueleza jinsi tamaa ya utawala na mapenzi vinavyoharibiana. Lakini picha ilipoanza kupigwa, maandiko yake hayakuwa yamekamilika. Mchana aliongoza, usiku aliandika. Majumba yalikuwa tayari, mavazi yalikuwa tayari, waigizaji walikuwa wakilipwa kwa kungoja, na maneno watakayoyasema yalikuwa bado kuandikwa. Gharama, ambayo mwanzoni ilikisiwa kuwa dola milioni 2, ilipita dola milioni 30. Rais wa kampuni, Spyros Skouras, alipoteza kiti chake mwaka 1962, na Darryl Zanuck akakishika. Mankiewicz aliomba apewe picha mbili ili kisa kipate nafasi, Zanuck alikataa. Picha ilipoonyeshwa New York tarehe 12 Juni 1963 ilikuwa na urefu wa saa nne na zaidi, kisha ikakatwa tena.

Watu walikwenda kuitazama kwa wingi. Hakuna picha iliyokusanya fedha zaidi nchini Marekani kati ya picha za mwaka ule, na hata hivyo ilikuwa ni mwaka 1966, haki ya kuionyesha katika televisheni ilipouzwa, ndipo gharama zake zikarudi. Tuzo nne za Academy ilizipata, na inafaa kuzihesabu: moja kwa upigaji wa picha za rangi, moja kwa mandhari, moja kwa mavazi, na moja kwa ufundi wa kuonyesha yasiyowezekana. Kwa uandishi, kwa uongozi na kwa uigizaji haikupata kitu. Waamuzi hao hawakukusudia kuandika uhakiki, lakini orodha yao ni uhakiki tosha.

Hata hivyo mna katika picha hiyo tukio moja ambalo halisahauliki, nalo ndilo lenye pambo kuliko yote. Cleopatra anaingia Roma. Wanatangulia wapanda farasi, wacheza ngoma na wapiga tarumbeta. Mwisho linavutwa sanamu kubwa jeusi la sfinksi, naye amekaa juu yake pamoja na mwanawe, akimetameta kwa dhahabu. Anashushwa, anamwinamia Caesar kwa adabu mbele ya Warumi wote. Kisha, kwa siri, anampigia ukope. Gwaride lote lile lilikuwa ngazi ya kuufikia ukope ule. Kwa ishara moja twaona kwamba fahari hiyo ni mchezo, kwamba mwenye kuucheza anajua ni mchezo, na kwamba wako wawili tu wanaoshirikiana siri. Mahali hapo dhahabu ina kazi. Mahali pengine pengi inangoja tu, kama waigizaji walivyongoja.

Katika mji uo huo wa Roma, miaka kama kumi na mitatu kabla ya hapo, Vittorio De Sica alikuwa ametengeneza Ladri di biciclette, yaani wezi wa baiskeli, iliyotoka mwaka 1948. Ni kisa cha mtu maskini aliyeibiwa baiskeli anayoihitaji kwa kazi yake, akazunguka mji pamoja na mwanawe mdogo akiitafuta. Ilipigwa katika mitaa yenyewe, na baba aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani asiyekuwa mwigizaji. Wengi hutoa picha hii kuwa ushahidi kwamba maana haihitaji umbo. Wanakosea. Kisa chake kilitokana na riwaya ya Luigi Bartolini ya mwaka 1946, kikafanyiwa kazi na waandishi kadhaa, Cesare Zavattini akiwa mkuu wao, kabla ya kamera kuwekwa barabarani. Unyenyekevu wake ni umbo lililofikiriwa sana. Tofauti yake na Cleopatra haiko katika mfuko tu: huku walijua wanatafuta nini kabla ya kutoka nyumbani.

Haya yanatuhusu sisi tuandikao Kiswahili, kwani nasi tuliwahi kugombana juu ya jambo hili hili. Mwaka 1973 ilitoka diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyotungwa gerezani nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, nayo imefuata vina na mizani kwa uaminifu. Mwaka 1974 ikatoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, wa Tanzania, iliyoviacha vina na mizani kwa makusudi. Waliokuwa upande mmoja wakasema kuwa shairi lisilo na vina si shairi. Wa upande wa pili wakasema kuwa vina ni pingu za fikira. Vitabu vyenyewe vyakataa hoja zote mbili. Katika Sauti ya Dhiki, Alii na Badi wanagombea mnazi kwa majibizano ya kale, ubeti kwa ubeti, na umbo hilo ndilo linalobeba hoja ya siasa, kwani kila mmoja hana budi kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho wa ubeti. Kezilahabi naye hakuacha vina kwa uvivu. Alitafuta mwendo wa mtu anayewaza peke yake, ambaye fikira zake hazina mtu wa kuzipokea kwa kina. Wawili hawa walitofautiana katika mavazi, lakini kila mmoja alimjua mvaaji kabla ya kukata kitambaa.

Nami nina deni la kulipa. Kwa miaka mingi ya kufundisha nimeandika pembeni mwa madaftari ya wanafunzi maneno manne: fani nzuri, maudhui hafifu. Sasa naona kuwa maneno hayo hayamfundishi mtu kitu. Anayeyasoma huenda akapunguza uzuri wa lugha yake, kisha akabaki na maudhui yale yale hafifu, safari hii yakiwa uchi. Ingenipasa kuweka kidole juu ya sentensi moja iliyopambwa na kumwuliza: huyu anayesema hapa ni nani, na kwa nini asingeweza kusema kwa njia nyingine? Akiwa na jibu, pambo na likae. Akiwa hana, arudi kwenye kisa, si kwenye kamusi.